Mwaka Nilipolima Ukoka wa Marehemu

Mwezi uliopita Mama Emiliana alitimiza miaka themanini, na watoto wake wakamfanyia misa ya shukrani na karamu nyumbani kwa binti yake mkubwa, kule Bashay. Mimi na mke wangu tuliondoka Katesh alfajiri, tukafika wageni wameshaketi chini ya maturubai, sahani za pilau mapajani. Sikuwa nimemwona kwa miaka sita. Nilimwendea pale alipoketi, nikainama, nikasema, "Shikamoo mama." Akaitikia, akaishika mikono yangu yote miwili, akaigeuza viganja juu na kuvitazama kama mtu anayekagua viazi mnadani. Kisha akawageukia wageni na kusema kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia kuita wajawazito kwenye foleni, "Jamani, huyu mnayemwona na mvi zake, ndiye aliyelima nyasi za mume wangu." Watu wakacheka. Wengine walicheka kwa adabu tu, maana hawakujua zinazungumzwa nyasi gani. Mjukuu wake mmoja, binti anayesomea uuguzi, akanifuata baadaye nikiwa nanawa mikono. "Baba, kwa nini bibi hakukufukuza?" Jibu halikuwa fupi. Nikamwambia nitamwandikia.

Nilifika kituoni mwezi wa sita, nikiwa na miaka ishirini na minne, begi moja, godoro lililofungwa kamba na barua ya kupangiwa kazi ya maabara. Nilitoka Nachingwea, ambako baridi tulikuwa tunaisoma kwenye kitabu cha jiografia. Kituo chenyewe, ambacho jina lake nitaliacha, kilikuwa juu ya kilima upande wa Endagikot, Mbulu, na asubuhi ukungu uliingia mpaka ndani ya maabara, nikawa nafuta kioo cha hadubini kwa kitambaa kila baada ya slaidi mbili. Nilikuwa na sweta moja. Nililivaa kazini, nikalivaa jikoni, nikalivaa kitandani, na hata leo nikisikia harufu ya sufu iliyoingia moshi, hurudi mara moja katika chumba kile chenye sakafu ya saruji na ufa uliopita katikati, kutoka mlangoni hadi chini ya kitanda. Nyumba ilikuwa moja, imegawanywa mbili kwa ajili ya watumishi wawili. Aliyeigawa hakuwa na haraka ya kumaliza, au labda saruji ilimwishia, maana ukuta wa katikati ulifika usawa wa juu ya mlango ukaishia hapo, na juu yake hapakuwa na dari, ila nafasi tupu mpaka kwenye mabati. Kwa hiyo kwa macho zilikuwa nyumba mbili, lakini kwa masikio na pua ilikuwa nyumba moja.

Upande wa pili aliishi Mama Emiliana, mkunga mkuu wa kituo, Mwiraqw wa Bashay, mwanamke mrefu wa miaka hamsini na kitu, mjane, ambaye watoto wake walikuwa wameshaondoka kwenda kwenye maisha yao. Nilijua ameamka kwa mlio wa kiberiti. Nilijua siku anazokaanga vitunguu na siku anazochemsha maziwa, nilijua redio yake inayokwaruza na wimbo wa kanisani anaoimba kila akifagia, daima ule ubeti wa kwanza tu. Yeye naye alinijua mimi. Nilipochelewa kuamka aligonga ukuta kwa mwiko mara mbili na kusema, "Mtaalamu! Wagonjwa wamefika." Ndivyo alivyoniita tangu siku ya kwanza, Mtaalamu, na ilinichukua muda kuelewa kwamba ndani ya heshima ile mlikuwa na utani kidogo.

Mbele ya nyumba, kutoka kwenye vizingiti vyetu viwili hadi kwenye ua wa kayaba, palitandazwa ukoka. Sisemi majani yaliyojiotea. Ulikuwa ukoka uliopandwa na kufyekwa kila wiki, mnene, wa kijani hata katika kiangazi kile cha baridi, ukiukanyaga peku unadhani umekanyaga blanketi. Jioni Mama Emiliana alitoa kigoda na kikombe cha chai akakaa katikati yake. Mara nyingi wajawazito waliotoka vijiji vya mbali kusubiri siku zao walikuja kukaa pale, miguu wameinyoosha, wanachambua maharage na kuongea Kiiraqw, na mmoja akisema jambo wote wanacheka huku wameshika matumbo. Niliyaona yote hayo na sikuuliza lolote. Kwa akili yangu ya wakati ule nyasi zilikuwa za serikali, kama mabati na mlingoti wa bendera.

Shida yangu ilikuwa mboga. Mnada ulikuwa mara moja kwa wiki, na mboga nilizonunua huko zilinyauka siku ya tatu. Wenyeji hawakuhitaji kununua; walikuwa na mashamba yao, na katika miezi ile walikula ugali kwa maziwa ya mgando, chakula ambacho mimi na tumbo langu hatukuwa tumezoeana nacho. Nilikula maharage. Nikala maharage tena. Kazini nilipima wingi wa damu wa wajawazito kutwa nzima, na kupitia dirishani nilimsikia Mama Emiliana akiwaambia mmoja baada ya mwingine, "Kula mboga za majani, mama. Unanisikia? Mboga za majani," na mimi mwenyewe ninayewaandikia majibu nilikuwa na wiki ya tatu sijatafuna jani. Nilipomwandikia mama yangu habari hiyo, alinitumia kwa posta bahasha ya mbegu za mchicha. Nje ameandika anwani, ndani ameandika maneno mawili tu: "Lima, mwanangu."

Jumamosi moja Mama Emiliana alikwenda kwao kwenye harusi. Nikaenda kuazima jembe kwa Mzee Bura, mlinzi wetu, aliyekuwa na mbuzi kadhaa nyuma ya ua.

"Unataka kuzika nini?" akaniuliza.

"Nataka kulima bustani, mzee."

"Wapi?"

"Mlangoni kwangu."

Akanitazama. "Mama anajua?"

"Si upande wangu?"

Mzee Bura akanipa jembe bila kusema neno lingine. Sasa naelewa kwamba hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kunikataza. Wakati ule niliichukua kuwa ruhusa.

Nilichagua kona inayopata jua la asubuhi kwanza. Jembe lilidunda mara ya kwanza, likadunda mara ya pili, kisha nikagundua kwamba ukoka haulimwi kama shamba, unakatwa. Nikaukata vipande vya mraba kama mtu anayekata mkate wa kumimina, nikaingiza jembe chini yake na kuunyanyua, na kila kipande kikatoka na sauti ya nguo inayochanika. Mpaka alasiri nilikuwa na malengelenge katika vidole sita na eneo la hatua nane kwa nne la udongo mwekundu, mtupu, unaotoa mvuke kidogo. Vipande vya nyasi nikawatupia mbuzi wa Mzee Bura juu ya kayaba. Nilisimama mlangoni nikiwa nimeshika kiuno, na sikumbuki kama nimewahi kujivunia kazi yangu yoyote ya maabara kiasi kile.

Alirudi kesho yake mchana, baada ya misa, amevaa kitenge cha harusi na kikapu mkononi. Alipofika kwenye uwazi wa ua akasimama.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba."

"Habari za harusi?"

"Nzuri."

Akapita pembezoni mwa udongo wangu taratibu, jinsi watu wanavyopita kando ya mtu aliyelala, akaingia ndani kwake. Sikusikia redio. Sikusikia wimbo wake. Jioni, nikiwa nasonga ugali, akaja Sista Neema, muuguzi mwenzetu kutoka Singida, na kwa kuwa Sista Neema hakujua Kiiraqw, waliongea Kiswahili, na kila neno likaruka ukuta likanifikia.

"Pole, mama. Nimepaona."

"Ndiyo hivyo."

"Ni palepale?"

"Palepale. Marehemu alianzia pale, kwa sababu jua linafika pale kwanza. Alileta zile nyasi kutoka misheni kwa baiskeli, ndani ya gunia bichi, safari nne. Alikuwa ameshaanza kuumwa. Hakuweza kuinama, basi alipanda amekaa kwenye kigoda, anajisogeza, anapanda, anajisogeza." Kijiko kikagonga kikombe. "Miaka mitatu nimefyeka mimi mwenyewe, maana sikutaka mtu akosee."

"Si umwambie?"

"Nimwambie nini? Nyumba ya serikali, kiwanja cha serikali. Nyasi hazina hati. Na kijana mwenyewe nimemkuta amesimama mlangoni anatabasamu, utafikiri amejenga hospitali."

Nilikuwa nimeshika mwiko. Ugali uliungua chini na sikuthubutu kuukwangua, kwa kuogopa kwamba angenisikia na kujua kuwa nimesikia. Nimekosea mambo mengi tangu siku ile, na mengine yalikuwa makubwa kuliko nyasi, lakini aibu ile ndiyo ninayoipimia nyingine zote. Sikuwa mwovu. Nilikuwa tu mtu aliyeona wanawake wakikaa mahali kila siku na hakujiuliza kwa nini mahali pale pazuri.

Asubuhi na mapema nilikwenda kutafuta vipande vyangu. Mbuzi walikuwa wameacha saba. Nilikuwa nimevipanga upya kwenye kona na navikanyaga kwa viatu ili vishike, Mama Emiliana akatoka amevaa sare, saa yake ndogo imebanwa kifuani.

"Unafanya nini, Mtaalamu?"

"Narudisha, mama."

"Unarudisha nini?"

"Nyasi. Jana nilisikia. Sikujua, mama. Naomba unisamehe."

Akageuka akatazama nyumba, macho yakapanda mpaka pale ukuta unapoishia, akatikisa kichwa. "Ukuta ule," akasema. Kisha, "Zingine ziko wapi?"

"Mbuzi wa Mzee Bura..."

Kitu kikapita usoni mwake. Nilidhani ni hasira. Leo naamini alikuwa anajizuia kucheka. "Acha kukanyagakanyaga hapo. Ulilima kwa nini?"

"Nina hamu ya mboga, mama. Tangu nifike sijala mchicha."

"Sasa nisikilize. Hapo mume wangu alifanya kazi. Kama umesema mboga, ziwe mboga kweli. Nikiona hapo pamekuwa vumbi, au pamekuwa mahali pa kutupa takataka, nitakwenda mwenyewe wilayani nikaombe wakuhamishe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Haya. Nenda kaoge. Wagonjwa wamefika."

Sijui kama wapo watu wanaoanza bustani yao ya kwanza kwa furaha. Mimi niliianza kwa woga. Nilipanda mchicha wa mama, nikamwagilia asubuhi na jioni, nikangoja. Mchicha wa Nachingwea haukuwa na habari na baridi ya Mbulu; ulilala ardhini wiki tatu na sidhani kama uliwahi kuamka. Kilichoota ni ukoka. Uliota kwenye mistari yangu, ukaota katikati ya mistari, ukaota hadi ndani ya kopo la maji nililolisahau pembeni, vijani vidogo vyenye ncha kama sindano. Nikanunua miche ya sukuma wiki mnadani, nikaipanda Jumapili, na Jumanne asubuhi nikaikuta imelala chini, kila mmoja umekatwa sawasawa na ardhi. Nikanunua mingine. Ikakatwa. Mama Emiliana alipita kila siku akatazama, akasema "Mm," akaenda zake. Ile "Mm" niliipeleka kazini nikakaa nayo kutwa.

Mwezi wa nane ulipokaribia kuisha nilichimba kuzunguka mche uliokatwa, nikampata funza mnene wa rangi ya kijivu, amejikunja. Nikamtia kwenye kikopo cha sampuli, nikampeleka maabara, nikamweka chini ya lenzi na kuanza kumchora daftarini. Ndipo Mama Emiliana akaingia na vichupa vyake vya damu.

"Hiyo ni sampuli ya nani?"

"Ya bustani, mama."

Akainama, akafumba jicho moja, akatazama. Kwanza mabega yake yakaanza kutikisika. Kisha akaweka vichupa chini taratibu, mtu mzima mwenye kujua thamani ya damu ya watu, akashika ukingo wa meza na kucheka mpaka machozi yakamtoka, mpaka Sista Neema akachungulia mlangoni kuuliza nani amepatwa na nini. "Miezi miwili!" akasema. "Miezi miwili anapigana na sota kwa hadubini! Mtaalamu, mdudu huyu anauawa kwa vidole."

Jioni ile alitoka na vigoda viwili badala ya kimoja.

Tulianza upya. Alinifanya nilime eneo lote tena, kina cha mkono hadi kiwiko, kisha tukakaa kila mmoja kwenye kigoda chake tukawa tunapitisha udongo vidoleni na kutoa mizizi ya ukoka, myeupe, yenye mafundo kama ya vidole vya wazee. Kazi ile ilikula jioni za wiki mbili, na nitasema ukweli, sikutaka iishe. Alinieleza habari za mume wake kipande kwa kipande, kama tulivyokuwa tunatoa mizizi. Alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Aliwaleta wajawazito kutoka huko mbali, akawashusha, na kwa kuwa hapakuwa na nyumba ya kusubiria, akawaona wamekaa kwenye vumbi chini ya ukuta siku tano, siku kumi. "Alikuwa haongei sana," Mama Emiliana akasema. "Siku moja alirudi na gunia linalodondosha maji. Nikamuuliza, hicho nini? Akasema, mkeka." Akacheka kidogo. Mizizi tuliyotoa niliikusanya kwenye karai, na kila jioni ikitimia karai nzima niliwamwagia mbuzi, yeye akitazama.

Tuliinua matuta, tukachanganya samadi ya Mzee Bura. Kila mche ulivikwa kola ya gazeti shingoni, tukanyunyiza majivu kuuzunguka, na asubuhi kabla ya kazi tulitembea tumeinama tukitafuta sota kwa vidole. Maji ya kuogea hayakumwagwa tena ovyo. Nilipanda sukuma wiki, karoti, figiri, na mstari mmoja mrefu wa vitunguu swaumu ambao sikuuomba. Mtu wa Bashay, alinieleza, hawezi kuona udongo uko wazi asiuchomeke kitunguu swaumu. Mche wa kwanza uliopita wiki mbili bila kukatwa niliusalimia kila asubuhi. Kupitia juu ya ukuta nilimsikia Mama Emiliana akimwambia Sista Neema, "Siku hizi anaongea na majani. Baridi imemwingia kichwani."

Siku tulipochuma kwa mara ya kwanza, ilikuwa Jumapili katika mwezi wa kumi, na Mama Emiliana akagonga ukuta kwa mwiko. "Mtaalamu, njoo na kisu chako. Nimepata jogoo, umchinje mwenyewe ili ule kwa amani." Ilikuwa mara ya kwanza kuingia ndani kwake. Nilikuwa nimekisikia chumba kile miezi minne, nikadhani nakijua, kumbe kilikuwa kidogo kuliko sauti zake. Viti vilikuwa na vitambaa vyeupe vya kufuma, kabati lilikuwa na vikombe vya harusi visivyotumika, na kwenye msumari karibu na mlango ilining'inia kofia ya dereva, safi, haina vumbi hata kidogo. Alipika ugali, kuku wa mchuzi, na sukuma yangu iliyokatwa nyembamba kama nyuzi. Akala tonge moja la mboga, akatafuna muda mrefu, macho yake yako dirishani.

"Chumvi imezidi," akasema.

"Umepika wewe, mama."

"Ndiyo. Chumvi imezidi." Akachukua tonge la pili. "Lakini ni mboga kweli."

Nilikula sahani tatu. Sitazisahau.

Mwezi uliofuata tulisikia kwamba wageni wanakuja kutoka mkoani kutembelea kituo. Mganga mfawidhi wetu, Bwana Massawe, alikuwa mtu msafi sana, mpenda mistari iliyonyooka; mawe yote ya njiani aliyapakisha chokaa. Alipita nyumbani kwetu jioni kukagua, akasimama mbele ya matuta yangu, mikono nyuma.

"Hii ni nini mbele ya nyumba ya serikali?"

"Bustani, bwana mkubwa."

"Naona. Mwaka jana hapa palikuwa pazuri kuliko nyumba zote za kituo. Wageni wanafika Alhamisi. Ng'oa hivi vitu, urudishe nyasi."

Nilisimama pale kama mwanafunzi. Ndani yangu nilikuwa bado namkubalia. Ndipo mlango wa pili ukafunguliwa, Mama Emiliana akatoka na mikono yenye povu la sabuni.

"Bwana mkubwa, karibu. Nyasi zilikuwa za nani hapa?"

Bwana Massawe akashusha sauti. Yeye na wenzake ndio waliolibeba jeneza la marehemu. "Za marehemu, mama. Kila mtu anajua. Ndiyo maana nimekasirika, kwa niaba yako."

"Basi usikasirike kwa niaba yangu. Nimempa."

"Umempa?"

"Nimempa huyu. Hii nusu ni yake, ile pale ni yangu. Wageni wakiuliza, waje kwangu. Na wakiondoka tutawafungia mboga."

Alirudi ndani. Hakunitazama hata mara moja, na ilikuwa heri, maana macho yangu hayakuwa katika hali nzuri. Nilikuwa nimeomba msamaha miezi minne iliyopita na sikuwahi kupata jibu. Alhamisi wageni walikuja, na mama mmoja miongoni mwao akapendezwa na karoti, akauliza ni kazi ya nani. Bwana Massawe akajibu bila kupepesa macho, "Huo ni mpango wetu wa lishe wa kituo." Nyuma ya mlango wake Mama Emiliana alipiga chafya ambayo haikuwa chafya.

Na kwa kweli ukawa mpango. Mvua zilipoanza, tulichuma zaidi ya tulichoweza kula, na mboga zikaanza kwenda kwenye sufuria za wajawazito waliokuwa wakisubiri. Walikaa kwenye nusu ya ukoka iliyobaki, wakakata sukuma mapajani, na mimi nikawa najua majina yao, majina ambayo mwanzoni niliyaona kwenye vyeti tu. Mmoja alikuwa Magdalena, msichana mwembamba kutoka bonde la chini, mimba ya kwanza, aliyeletwa na mama mkwe wake. Nilimpima damu nikaona ni hafifu, nikarudia kipimo nikitumaini nimekosea. Alikaa kwetu mwezi mzima. Alimeza vidonge mbele ya Mama Emiliana, akala kila alichopewa, na sehemu kubwa ya siku alikaa peku kwenye nyasi, anavipitisha vidole vya miguu ndani yake. Alijifungua mchana mmoja wa mvua kubwa, mtoto wa kike, na baada ya hapo damu ikatoka kuliko kawaida. Niliitwa kutafuta wa kumchangia damu. Nikajipima mwenyewe kwanza, nikakuta inafaa, nikajilaza. Mama Emiliana alikaa naye mpaka jua likazama, mkono wake uko tumboni mwa yule binti, anakanda, anamsemesha. Mimi ni mtu wa vipimo, siwezi kudai kwamba mboga zangu zilimwokoa. Mikono ile ilimwokoa. Ila nilipompima tena siku ya kuondoka, niliandika namba ile nikaipigia mistari miwili chini yake kwa furaha.

Asubuhi hiyo nilichuma fungu kubwa la sukuma, nikalifunga kwa kamba ya mgomba, nikampelekea pale alipokuwa amesimama na mama mkwe wake, mtoto mgongoni. Magdalena alilipokea kwa mikono miwili, akamgeukia Mama Emiliana, akasema kitu kirefu kwa Kiiraqw, kwa sauti ya chini, na mama mkwe akamkanya kidogo huku akicheka.

"Anasemaje?" nikauliza.

Mama Emiliana akanigeukia. "Anashukuru kwa mboga. Anasema kwao mboga ziko shamba zima, na majani ya maboga yamejaa, anaogopa hizi zitaharibikia njiani." Akageuka akautazama upande wake wa ukoka. "Anauliza kama anaweza kupewa zile nyasi. Anasema anataka mahali pa kukaa na mtoto."

Aliingia ndani akatoka na panga. Akapiga magoti kwenye upande wake, upande ambao hata fyekeo langu hakuwa ameruhusu liuguse, akakata kipande cha ukubwa wa sinia, akakinyanyua kwa viganja vyote viwili. Alikifunga kwenye gunia lililolowa. Kisha akachutama na kumwonyesha yule binti, kwa vidole, namna ya kukitenganisha, namna ya kupanda, umbali wa kuacha, anaongea kwa utaratibu na kirefu, kirefu kuliko alivyowahi kumweleza mtu yeyote habari za dawa. Mama mkwe akajitwika gunia kichwani, maji yakamtiririka shingoni, akapiga kelele, wote wakacheka, wakaondoka. Tulisimama pale uani mpaka walipozama kwenye mteremko. Pale alipokata palibaki shimo jekundu. Nikamwambia, "Nitaliziba, mama." Akasema, "Liache. Litajiziba lenyewe."

Wiki iliyofuata akaja mwingine, rafiki yake Magdalena, amesikia. Halafu wawili. Siku hiyo nilikuwa napalilia, nimeshika ukoka mwingine uliotoroka ukaingia kwenye karoti, na mkono ulikuwa umeshanyanyuka kuutupa kwa mbuzi. Nikaushusha, nikaingia ndani kutafuta ndoo ya maji. Mpaka mwezi wa sita ulipozunguka tena, pale mlangoni kwangu zilikaa ndoo mbili: moja ya miche ya sukuma wiki, ambayo hakuna mama aliyeiulizia, na moja ya ukoka, ambayo kila wiki ilikwisha.